Pua ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza kupika katika nyumba ya mume wangu, mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni, hata sufuria hajaifunua, akasema, "Kitunguu kimezidi moto, mwanangu." Alikuwa ametoka kule nyuma kwenye mabanda, na upepo ulikuwa unavuma kinyume. Nilimchukia palepale. Kuishi na mtu mwenye pua kama ile ni sawa na kuishi na askari wa doria. Maziwa yakikaribia kuchacha, anajua. Ukivaa gauni lililokaa sana kabatini, anajua. Mume wangu alipojaribu sigara akiwa kijana, wanasema mama yake alimfuata moja kwa moja mpaka nyuma ya ukuta wa shule, kama aliyeelekezwa.

Mtaani walimwita Mama Pua, naye aliitika bila kununa. Alifuga sungura. Vizimba vyake vya mbao na waya vilipangwa ghorofa mbili kwenye ukuta wa nyuma, na kando yake kulikuwa na stoo ndogo ya bati alimokausha majani. Sungura ni mnyama wa tumbo. Leo anaruka, kesho tumbo limejaa gesi, keshokutwa unamfukia. Zamani mama mkwe alikuwa anafukia kila wiki, na wa kwanza kuondoka walikuwa watoto walioachishwa kunyonya juzijuzi. Ndipo alipoanza kuwachanganyia unga wa majani kwenye pumba: mlonge, nanaa, mrehani, tangawizi kavu, na kitunguu saumu kilichosagwa. Vifo vikapungua, watoto wakanenepa, majike yakapata maziwa ya kutosha. Daktari wa mifugo alipopita alikuna kichwa, akasema mimea hiyo kweli inasaidia tumbo na hamu ya kula, ila akamwonya kitu kimoja: "Mama, ukavu. Jani likiota ukungu, unawalisha sumu. Na watakaoanza ni wale wadogo."

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na namna yake. Kila gunia jipya aliliingizia mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota kutoka chini kabisa, akasugua majani kati ya viganja, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Baada ya hapo ama alitikisa kichwa kukubali, ama alilibeba gunia zima akalimwaga shimoni bila kumweleza mtu. Vipimo vyote vilikuwa puani. Ukimuuliza saumu kiasi gani, anakwambia, "Mpaka inukie." Wanawake wa mtaa waliofuga walichukua unga kwake, na mwisho wakaacha kukagua chochote. Kwa nini ukague? Mama Pua kashanusa.

Aliyemtegemea kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Mgongo ulikuwa umemkatalia kukaa kwenye mashine, akauza cherehani akanunua majike kwa mama mkwe. Sasa uzao wake wa kwanza ulikuwa umeachishwa kunyonya, na mwenye hoteli ya karibu na stendi alishamwahidi kuwachukua wote wakikua. Wale watoto wa sungura ndio walikuwa cherehani yake mpya. Hakuwa na kingine.

Halafu mama mkwe akaugua mafua. Mafua mabaya, ya homa na kitanda. Alipoinuka alikuwa amekonda lakini mzima, na sote tukashukuru.

Wiki hiyo hiyo niliunguza kitunguu. Si kidogo, kilikuwa cheusi. Nilipakua nikisubiri kusemwa. Mama mkwe akala taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Asante, mwanangu. Chakula kizuri." Mume wangu akanikonyeza. Nikajiona nimeshinda vita. Nikafikiri, hatimaye kanizoea.

Lakini ushindi ule ulianza kunikaa vibaya. Maziwa yaliyochacha aliyamimina kwenye chai yake, akaonja ndipo akakunja uso. Kitambaa kiliungua kwenye pasi yeye yupo palepale anazungumza nami, na ni mimi niliyeruka. Nyumba iliyokuwa na kelele za "nini kinanuka?" ikawa kimya. Ajabu ni kwamba niliyakosa yale makelele.

Kisha ikaja siku ya gesi. Nilikuwa naanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inatishia, kama ilivyotishia mwezi ule wote. Nilipoingia jikoni harufu ilinipiga usoni. Sufuria ya maharage ilikuwa imefurika na kuzima moto, na gesi inatoka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda palepale jikoni anamenya saumu, ametulia, na kiberiti kiko mapajani. Alikuwa ameanza kukifungua.

"Mama! Gesi!"

"Gesi imefanyaje?"

Nilimpokonya kiberiti. Nilifunga gesi, nikasukuma madirisha, nikamvuta nje kwa mkono kama mtoto. Tulisimama uani. Alinitazama, kisha akatazama pembeni.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilitaka kuizima mwenyewe."

Hakuwa anajua. Nami nilijua kwamba hakuwa anajua, na yeye alijua hivyo pia. Lakini mkwe anaweza kumwambia mama wa mumewe mengi, si kwamba jina analoitwa na mtaa mzima si lake tena. Nilipomweleza mume wangu, alicheka.

"Mama? Mama Pua asisikie harufu? Acha hizo. Mafua hayo, yataisha. Au bado una kinyongo cha vitunguu?"

Tangu hapo nilianza kumchunguza. Mvua ilinyesha bila kupumzika, na majani yaliyokuwa yaanikwe juani yalirundikwa stooni, ambako bati lilitoa jasho usiku kucha. Mama mkwe aliendelea na kazi kama kawaida. Aliingiza mkono, akasugua, akafumba macho, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kukubali. Kila gunia lilikubaliwa. Hilo ndilo lililonitia baridi. Tangu niolewe sijawahi kuona mvua zikapita bila gunia kumwagwa.

Saumu nayo ilikuwa imeongezeka. Aliimimina, akainamia beseni, akaongeza, mpaka macho yake yakamwaga machozi; hapo ndipo akaacha. Siku moja nilichungulia gunia jipya alipokuwa anaoga. Nilinusa, na sikupata chochote zaidi ya saumu, kali ya kuchoma. Chini yake kungeweza kuwa na kitu chochote.

Na kulikuwa na Bi Mkubwa. Huyu alikuwa jike la kijivu, zee, bibi wa nusu ya sungura wa mtaa ule. Alikuwa na kizimba chake peke yake na hakuna aliyethubutu kumtaja pamoja na neno kisu. Niliona sasa kwamba kila gunia lilipochanganywa, mama mkwe alimpelekea yeye kwanza. Jioni alimpa konzi moja, asubuhi akarudi, akaweka sikio kwenye waya, akakaa hapo muda mrefu. Nilidhani ni mapenzi ya wazee wawili. Alipoinuka ndipo alipofunga gunia na kusema, "Hili waje wachukue."

Fundi alikuja kuchukua gunia lake mvua ikiwa imekatika kidogo, kanga kichwani, uso umechangamka.

"Shikamoo, Mama Pua. Wajukuu wako wana njaa."

"Marahaba, fundi. Hawajambo?"

"Wananenepa, we acha tu! Mwenye hoteli amekuja kuwatazama, kawashika masikio mmoja mmoja kama anachagua matikiti." Alicheka. "Hili limeshanuswa?"

Mama mkwe aliingiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko. Alisugua. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu kuliko siku zote, na nilimwona akisubiri, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

"Chukua," akasema.

Nilifungua mdomo. Bi Mkubwa alikuwa amekula unga ule ule jana yake, na asubuhi hii alikuwa anatafuna vizuri tu, masikio juu. Ningesema nini? Fundi alijitwika gunia akaenda zake. Sungura wetu wengine walikuwa bado wanamalizia gunia la zamani, lililokauka kabla ya mvua.

Kesho yake jioni hapakuwa na jambo. Keshokutwa asubuhi mama mkwe aliniita kutoka mabandani, na sauti yake haikuwa sauti ya kuita mkwe. Nilikwenda mikono ina povu la sabuni.

Bi Mkubwa alikuwa amejikunyata kwenye kona, mgongo umepanda juu, tumbo limejaa. Kihori chake kilikuwa hakijaguswa.

"Sikiliza," mama mkwe akanong'ona.

Nikasogeza sikio. Sungura halii. Anapoumia sana husaga meno, na ndicho nilichosikia, mkwaruzo mdogo, taratibu, kama mtu anayekuna mchanga kwa ukucha. Hapo ndipo nikaelewa amekuwa akisikiliza nini pale asubuhi zote zile. Alikuwa anajua kwamba pua yake imekwisha. Alikuwa amemfanya Bi Mkubwa kuwa pua yake. Wala hakukumbuka kwamba tumbo la jike zee, lililozoea kila kitu, huchelewa kulalamika.

Aliingia stooni, akatoka na masalio ya unga ule kwenye beseni. Akalisukuma mbele yangu.

"Ninusie."

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa anaagiza. Niliingiza mkono mpaka chini, kama nilivyomwona akifanya, nikasugua, nikafumba macho. Saumu ilinijia kwanza. Nikasubiri. Nikanusa tena, na nyuma ya saumu kikaja kile kingine: harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo.

"Ni uvundo, mama."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Alivua aproni, akaiangusha chini, akashika njia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Nilimfuata pekupeku, tukikanyaga madimbwi, na majirani wakatoka milangoni kutazama kuna msiba gani.

Fundi alikuwa ukumbini kwake na kata ya kupimia unga mkononi.

"Fundi, usiwape chakula changu."

Akacheka. "Mama Pua, umeanza kunionea wivu? Juzi walikula mpaka wakalamba kihori. Ila tangu jana jioni wamedeka, hawataki. Nimeona niwazidishie."

"Nisikilize. Pua yangu imekufa. Tangu yale mafua sisikii harufu ya kitu chochote. Gunia nililokupa lina ukungu."

Majirani walikuwa wameshafika getini. Alilisema mbele yao wote, kwa sauti, wala hakutafuta pa kujificha. Tabasamu la fundi lilibaki usoni kana kwamba amesahau kuliondoa.

"Lakini ulinusa mbele yangu," akasema. "Nilikuona kwa macho yangu."

"Uliniona nikivuta pumzi."

Tulikwenda nyuma. Vizimba vilikuwa safi, vimefagiliwa. Fundi ni mwanamke msafi. Watoto wale waliwekwa wote pamoja kwenye kizimba kikubwa, na kwa mbali ungedhani wamelala. Tulipokaribia tukasikia. Si mmoja, kizimba kizima kilikuwa kinasaga meno, katika mchana mweupe, na hakuna kingine kilichokuwa kinatikisika.

Tulimwaga vihori, tukawapa nyasi kavu na maji, mume wangu akakimbilia kumwita daktari wa mifugo. Daktari alifanya alichoweza. Majike mawili yalipona. Watoto waliondoka mmoja baada ya mwingine mpaka hakukubaki hata wa kuonyesha kwamba walikuwapo. Bi Mkubwa naye alikufa siku ile ile, na mama mkwe alimfukia mwenyewe, akakataa kusaidiwa jembe.

Aliwapeleka majike yake bora kwa fundi, akayaacha ukumbini. Fundi aliyapokea. Hakutukana, hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Mimi niliacha kunusa kwa sababu wewe ulinusa." Mpaka leo wakikutana njiani humwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, mama." Anaishia hapo, kwenye mama. Mtaa mzima umefuata. Jina lile hakuna anayemwita nalo tena, na nimewahi kumwona akisimama baada ya salamu, kidogo tu, kama anayesubiri limaliziwe.

Jioni ya siku ile tuliyokimbilia kwa fundi nilipika kwa sababu watu lazima wale. Mikono haikuwa yangu, kitunguu kikaungua. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo, udongo wa Bi Mkubwa ungali kwenye kucha. Nilitazama sufuria, nikafikiria kuongeza maji niendelee. Asingejua.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "kitunguu kikoje?"

"Kimeungua, mama."

"Basi mwaga. Anza upya."

Nikamwaga.