Kompyuta Iliyovaa Kitambaa

Nyumbani kwetu, upande wa Kathonzweni, hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vimevaa vitambaa vya kufuma, meza ndogo imevaa, redio imevaa, na hata mtungi wa maji ya kunywa una kofia yake yenye shanga. Mama hufuma akiongea na hufuma akingoja chai ichemke. Nikikaa sana mahali pamoja naanza kuogopa, na mimi ni mtu wa kukaa. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika mpaka Mombasa. Mimi nikifika mji wa Wote tu, hapa karibu, napiga simu kuuliza kama kuku wameingia.

Kwa hivyo niliponunua kompyuta ya mezani, kuukuu, ilikaa uchi kwa ule muda wa kutoka kwenye pikipiki mpaka sebuleni. Nilimwambia mama kwamba adui wa kompyuta ni vumbi. Hilo nililijua kutoka shuleni, ambako tulikuwa tunavua viatu mlangoni, tunaingia chumba cha kompyuta na soksi zetu zilizotoboka, tunamtazama mwalimu akiiwasha, kisha tunatoka. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi. Haukupita muda, kompyuta ikapata kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kirefu, kilichofunika kila upande, na nyuzi nyekundu zikining'inia kwenye ukingo. Nikitaka kuweka CD, nilikuwa nainua ukingo kwa vidole viwili, kwa adabu, kama bwana harusi anayefunua shela. Nikishaiweka, nauacha ushuke.

Basi sasa, vita vyenyewe.

Zamani kidogo mama na shangazi, dada ya baba, walikuwa kwaya moja kanisani. Kwaya hiyo ilirekodi nyimbo zake na kila mwimbaji akapewa CD moja. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa safina ya Nuhu. Katikati yake kwaya yote inanyamaza, na mwanamke mmoja anaimba peke yake. Ni nani huyo? Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, mpaka siku moja kikundi cha akina mama kilikutana kwetu, na shangazi, akimenya kiazi kitamu, akaanza hadithi, "Wakati ule nikiimba safina peke yangu..."

Mama akaweka kikombe chini.

"Nani aliimba?"

"Mimi."

"Wifi, uliimba safina lini? Wewe si ulikuwa wa kuitikia, kule nyuma?"

"Asi! Leta CD tusikie."

"Leta yako."

Shangazi hakuwa nayo. Yake aliitundika kwa uzi katika shamba la mtama, imulike jua ndege waogope, mpaka rangi ikatoka yote ikabaki plastiki.

"Yako iliimbia ndege," mama akamwambia. "Na walihama. Jumamosi mkirudi hapa, mtasikia na masikio yenu."

Wale akina mama wengine, ambao walikuwa kwenye kwaya hiyohiyo, waliulizwa wanakumbuka nini. Wote wakakumbuka kwamba chai ilikuwa tamu.

CD ya mama ilikuwa imelala ndani ya kitabu cha nyimbo, safi kama sahani ya wageni. Shida ni kwamba redio yetu ya kucheza CD ilikufa, na hii tuliyo nayo sasa inakula flashi peke yake. Mama akaniwekea CD mapajani.

"Wewe uko na kompyuta. Toa hizi nyimbo uweke kwa flashi. Na usisikize kabla ya wageni."

Kompyuta yangu haina spika, kwa hivyo kuahidi kulikuwa rahisi. Nikaongeza, kwa ujinga wangu, "Hiyo ni kazi ya dakika chache."

Nyimbo za kwanza zilitoka kwa kuchechemea. Kuna mstari wa kijani ambao programu inaonyesha, unaosonga kadiri wimbo unavyoingia. Wangu ulikuwa unasonga kama mtu anayetumwa asikotaka. Mashine inavuma, inanyamaza, inarudi nyuma, inakwaruza kidogo, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama aliteleka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukaiva, tukala, na wimbo mmoja ulikuwa bado haujaisha. Kufika ule wa safina, mstari ukasimama kabisa.

"Imefika?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Inakuja."

"Kutoka wapi?"

Nikaanza kutibu. Nilipangusa CD na shati, kutoka katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Nikafunga programu zote zilizokuwa wazi, pamoja na karata nilizokuwa nacheza nikingoja, na hiyo iliniuma. Nikazima mashine na kuiwasha tena. Mwishowe nikampigia binamu yangu, ambaye ana cyber, duka la intaneti, pale mjini Wote.

"CD iko na mikwaruzo?" akauliza.

"Iko safi kuliko mimi."

"Hiyo si kazi. Angalia mahali pa kurekebisha makosa. Ikiwa imewashwa, inasoma sehemu moja tena na tena. Zima."

Nikazima. Mstari ukasonga kidogo kama umestuka, ukasimama tena.

"Kompyuta iko moto?"

Nikaweka mkono. "Iko moto, lakini hata mimi niko moto. Hii ni Kathonzweni."

"Kuna kitu imeziba hewa? Kuna kitu juu yake?"

Nikaitazama vizuri, juu, pembeni, mbele. "Hakuna kitu."

Na sikuwa nadanganya. Muulize mtu wa nyumba yetu kama kuna kitu juu ya meza: atatafuta kikombe, atatafuta Biblia, atatafuta paka. Kitambaa si kitu. Kitambaa ni ngozi ya meza.

"Basi mashine imezeeka," binamu akasema. "Ilete huku."

"Nije Wote?"

"Ni mahali, watu huja."

Nikamwambia nitafikiria, na sote wawili tukajua maana yake.

Ijumaa ilifika, safina bado haijang'oa nanga. Mama alianza kufanya mazoezi ya maneno atakayomwambia wifi yake akishashinda, akiyasema kwa sauti huku akifagia. Kila akipita karibu nami aliangalia ule mstari wa kijani, kisha ananiangalia mimi, na sikujua ni nani kati yetu alikuwa anaonekana mvivu zaidi. Nilianza kuwaza vile shangazi atakavyokaa kesho, mikono kifuani, akisema, "Leta basi tusikie," na mama hana cha kuleta.

Halafu mama akakusanya vitambaa vyote kwenda kuvifua kwa ajili ya wageni. Sebule ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Hata kompyuta niliionea haya, imekaa hapo na matundu yake wazi. Nikafungua mlango wa CD nijaribu mara ya mwisho, nikaona kitu chekundu kimechungulia. Uzi. Nikauvuta, ukaja. Nikavuta tena, ukazidi kuja, na mwingine nyuma yake.

Ndipo nikaelewa. Kila nilipofunga ule mlango, mashine ilikuwa inauma nyuzi za kitambaa, kama mbuzi aliyepata shamba la jirani. CD ilikuwa inazunguka ikiwa imeshikwa nguo, na feni nayo inapumua ndani ya blanketi. Nikatoa nyuzi zote, nikarudisha CD. Mashine ikabadilisha sauti. Mstari wa kijani ukatembea, ukakimbia, ukapita nusu, na mimi nikasimama kama mtu aliyeona mvua ikija.

Wakati huohuo mama akaingia na kitambaa kilichokauka, kinanukia sabuni na jua, na kabla sijafungua mdomo akakitupa juu ya kompyuta. Feni ikaguna. Mstari ukapunguza mwendo.

"Mama, toa!"

"Nitoe? Kesho niko na wageni."

"Inaziba hewa. Na kompyuta imekula nyuzi. Ona."

Nikamwonyesha ule uzi. Nilidhani ataihurumia kompyuta.

"Woi! Imekula maua yangu!"

"Chagua, mama. Safina ama kitambaa."

Alifikiria muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akakiinua, akatafuta pa kukiweka, akaona sakafu imepigwa maji na viti vimeloa. Akanitandikia mabegani.

"Wewe huendi popote," akasema.

Nikakaa hapo, na maua mekundu yangu, mpaka wimbo ukaisha.

Jumamosi akina mama walijaa, wakapewa chai na mandazi. Shangazi alikaa karibu na redio, mikono kifuani, kama nilivyomwota. Nikachomeka flashi. Kwaya ikaanza, wanaume wakavuma kama gharika, kisha wakanyamaza, na sauti moja ya mwanamke ikapanda, tamu, nyembamba.

"Mimi huyo!" akasema mama.

"Mimi huyo!" akasema shangazi.

Wakasimama wote wawili.

"Sikia vile navuta!"

"Hicho ni kifua changu!"

Sauti ikazidi kupanda. Njiwa alikuwa anarudi safinani na jani lake, sauti inapanda naye, inapanda, na ilipofika juu kabisa ikapasuka, kama jogoo mchanga anayejaribu kuwika mara ya kwanza. Kikasikika kikohozi. Kisha, wazi kabisa, "Woi!" Kwaya yote ikaingia mbio kufunika.

Mama ndiye aliyetangulia kukaa.

"Wifi," akasema, kwa upendo ambao sikuwahi kumsikia nao, "kumbe ulisema ukweli. Ni wewe."

"Mimi? Hapana. Mimi si nilikuwa wa kuitikia, kule nyuma? Ulisema mwenyewe."

"Nilisahau. Sasa nimekumbuka."

"CD ni yako, redio ni yako, na hiyo 'woi' ni yako. Nimekuachia yote."

Wenzao walikuwa wameinamia vikombe, mabega yakitetemeka. Mmoja akaomba turudie hapo kwa njiwa. Mama akainuka, akachomoa flashi kwa mkono wake mwenyewe, akaitia mfukoni, kisha akanigeukia.

"Rudisha kitambaa," akaniambia. "Hiyo kompyuta imeongea ya kutosha."