Vua Viatu Tuitafute Njia

Mwaka nilipoanza kazi Morogoro, wenzangu wa ofisini walikuwa wameshika mtindo wa kupanda milima kila Jumamosi, na mimi kwa kutotaka kuachwa nyuma nikajiunga nao. Viatu nilivyonunua vilikuwa vizito kama matofali, vikanichubua visigino mpaka nikawa nashuka Uluguru nikichechemea. Ndipo dada mmoja wa ofisini, aliyekuwa ametoka kusoma nje, akaniletea jozi ya ajabu. Soli yake ungeweza kuikunja ukaitia mfukoni. Mbele vilikuwa vipana, kila kidole kina nafasi yake, na kisigino hakikuinuka hata kidogo. "Hivi unatembea kama uko peku," aliniambia kwa fahari. Nilicheka mpaka akanuna. Mimi, mtoto wa kijijini Chiola, nivushiwe bahari kitu cha kunifundisha kutembea peku!

Nilivivaa hata hivyo. Sitakudanganya, rafiki yangu, wiki ya kwanza vigimbi viliniuma nikawa nashuka ngazi za ofisi nimeshika ukuta. Nikavivaa kazini chini ya sketi ndefu, nikavivaa sokoni, kila kizibo cha soda nikakisikia. Polepole miguu ikazoea. Halafu Jumamosi moja tulikuwa kwenye kijinjia cha mlimani, mvua imenyesha usiku kucha na majani yamelala juu ya kila kitu, mguu wangu wa kushoto ukasimama wenyewe. Chini ya majani, pembeni ya pale tulipokuwa tunakanyaga, ardhi ilikuwa ngumu, imebonyea kidogo. Mguu uliitambua njia kabla yangu. Wenzangu walinipita nimesimama, machozi yananilenga, kwa sababu kitu kile nilikuwa nimekihisi mara moja tu maishani, nikiwa na bibi mzaa mama, porini kati ya Chiola na Nambilanje.

Usidhani sisi watoto wa Nachingwea wa miaka ya tisini hatukuwa na viatu. Tulikuwa navyo, vimetunzwa. Vilikuwa vya Idi, vya kwenda hospitali, na vya siku mkaguzi anapokuja shuleni. Siku nyingine tulikwenda peku, na mwalimu wetu alikagua kucha za miguu pamoja na za mikono. Mguu ulikuwa na kazi yake. Korosho zilipoanza kuanguka tulikwenda shambani na bibi umande haujakauka, macho yakaokota zilizo wazi na miguu ikaokota zilizojificha chini ya majani makavu. Unaburuta unyayo taratibu, unasikia kitu kidogo kimepinda, unainama. Harufu ya mabibo yaliyopondeka ilituganda mpaka kwenye nywele. Mchana tukirudi, mchanga ulikuwa wa moto, tunakimbia kutoka kivuli hadi kivuli tukipiga kelele. Jioni bibi aliweka mguu wa kila mmoja mapajani mwake akatoa miiba kwa sindano, na aliyelia sana aliambiwa kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mimi nilikuwa nakaa naye. Babu alikuwa ameshafariki, lakini bibi aliendelea kuniita mke mwenzangu, kana kwamba bado tunamgombea.

Kifuku kimoja, majira ya mvua, mahindi yakiwa yanaanza kutoa mbelewele, alifika mtu na baiskeli, matope mpaka kifuani. Alitumwa kutoka upande wa Nambilanje, alikoolewa dada mkubwa wa bibi. Dada huyo alikuwa hoi, hali wala hanywi, anamtaja mdogo wake tu. Mjumbe alikuwa amehangaika siku mbili kwa barabara ya kuzungukia Ruangwa, maana maji yalikuwa yamekata daraja na malori yamelala upande wa pili. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachemsha ming'oko, vile viazi vya porini vilivyotuvusha miezi ya njaa, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na chumvi. Akasema kesho tunapita njia ya ndani, jua likizama anataka awe ameketi na dada yake.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ameegemea mlango. "Mama, ile njia imekufa," alisema. "Tangu watu wahamishiwe barabarani nani anapita kule? Labda warina asali, nao kiangazi."

"Barabarani siku mbili. Dada hana siku mbili."

"Tutapotea."

"Basi tupotee tukienda."

Njia yenyewe nilikuwa naisikia kwenye hadithi tu. Kabla ya vijiji kukusanywa kando ya barabara, watu wa kwetu waliishi huko ndani, mji huu hapa, mji ule pale, na njia ile ndiyo iliyowaunganisha. Bibi na dada yake walizaliwa katikati yake. Dada alipoolewa upande mmoja na bibi upande wa pili, waliendelea kutembeleana kwa njia hiyo kila baada ya mavuno, mpaka magoti yalipoanza kuwasumbua na malori yakaanza kupita.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Mjomba alitangulia na panga, miguuni gambuti. Mimi nilivaa raba zangu za shule na mzigo wa ming'oko kichwani, na bibi alifuata nyuma na yeboyebo zake za plastiki. Mpaka shamba la mwisho la mihogo tulienda vizuri. Baada ya hapo yalikuwa majani marefu kumpita mjomba, yanatudondoshea maji shingoni, na njia haikuonekana kabisa. Mjomba alikata, akasimama, akatazama miti, akakata tena. Jua lilikuwa limeshapanda tulipotokea mahali penye majani yaliyokatwa upya. Nilifurahi nikidhani kuna mtu ametutangulia, mpaka nilipomwona mjomba ameshika kichwa. Tuliyakata sisi wenyewe.

Bibi alikaa chini palepale kwenye maji. Alitazama jua, akatazama upande wa Nambilanje, akarudi kulitazama jua. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi yangu anaogopa. Niliogopa kuliko ningeogopa simba, kwa sababu nilielewa kuwa dada yake yuko huko anakata roho na sisi tunazunguka kichaka kimoja.

Kisha akavua yeboyebo, akazichomeka kwenye mkunjo wa kanga. "Vua viatu," aliniambia. Akamgeukia mjomba. "Na wewe."

"Mama, nyoka je?"

"Kwani nyoka anaogopa gambuti? Vua, tuitafute njia. Macho hayaioni."

Alitupanga mstari, mikono tumenyoosha vidole vinagusana, yeye katikati. Akatufundisha kupitisha unyayo chini ya majani kabla ya kukanyaga. Udongo laini unaotitia si njia, alisema, huo ni wa fuko na minyoo. Njia ni ngumu, imebonyea katikati kama ungo, na maji yake ni ya baridi zaidi. Tulikwenda hivyo kwa ukimya, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Mara nikasikia vidole vya bibi vimekaza vya kwangu.

"Ipo," alisema.

Rafiki yangu, mimi nimeona mengi tangu siku ile. Nimesimama juu ya mlima nikaona mawingu chini yangu. Lakini sijaona jambo lililonishangaza kama bibi yangu akitembea kwenye majani yaliyomfunika, amefumba macho. Kweli alifumba, nilimchungulia. Mikono ilitenga majani na miguu ikamwongoza, na alikuwa anatuambia kinachokuja kabla hatujakifikia. "Sasa kuna mteremko. Sasa kuna mzizi wa mninga, mtausikia." Na kweli unyayo wangu ukakanyaga mzizi, laini kama mpini wa jembe la zamani, umesuguliwa na miguu ya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nilijihisi kama naamkiwa na wazee nisiowajua.

Kwenye bonde moja mafuriko yalikuwa yamemwaga mchanga na njia ikakatika. Tulipangana tena mstari. Bibi hakupata kitu, mjomba hakupata kitu, na jua lilikuwa limeanza kuegemea. Nikapitisha mguu, mchanga. Nikapitisha tena, mchanga. Nikasogea kushoto, na chini ya mchanga nikasikia ule ugumu, ule ungo. Nilipiga yowe. Bibi alikuja akaweka mguu wake kando ya wangu, akabonyeza kama anayeonja chumvi ya mboga.

"Mke mwenzangu ameiona," alimwambia mjomba.

Nimesifiwa kazini, nimepewa na vyeti, sijawahi kuvimba kichwa kama siku ile.

Tulipita kwenye mahame ya kwao, pale walipozaliwa. Hapakuwa na kitu ila jiwe la kusagia limejaa maji ya mvua. Bibi aliligusa, akanawa uso kwa yale maji, tukaendelea. Jua lilikuwa bado halijazama tulipoanza kusikia majogoo na kinu cha mtu anayetwanga.

Dada yake bibi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba. Macho yalikuwa yameshaondoka, haoni tena.

"Ntu gani huyo?" aliuliza kwa lafudhi ya kwetu.

"Mimi, mdogo wako."

"Uongo. Nto umejaa. Mmepita wapi?"

"Njia yetu."

"Bado ipo?"

"Ipo."

Akanyoosha mkono hewani. Bibi alielewa, akakaa kitandani akaupandisha mguu wake, na yule mgonjwa akaupapasa unyayo taratibu, matope, mikwaruzo, mbegu za majani zilizonasa katikati ya vidole. Alizitoa moja moja. Halafu akacheka, kicheko chembamba cha msichana, tena kwenye nyumba ambayo kila mtu alikuwa ameshajiandaa kulia. Wakaanza kuzungumza Kimwera, nami nilielewa nusu tu. Na jiwe? Lipo. Na mninga? Umeanguka, ila mzizi upo. Na pale tulipovunjia mtungi wa mama? Pale sasa ni mchanga. Waliipita njia yote kwa maneno, kutoka mji hadi mji, na mgonjwa akakubali uji wa kwanza kutoka mkononi mwa bibi. Niliketi mlangoni na miguu yangu inawaka, nikamshukuru Mungu kwamba tumefika.

Aliishi siku chache baada ya hapo. Alizikwa adhuhuri, mvua ikiwa imekatika, na bibi akamlilia kama mtoto.

Siku hizi bibi naye hayupo. Nilipopata likizo nilivichukua vile viatu vyangu vyepesi hadi Chiola, nikamwomba mjomba anipeleke na pikipiki mpaka pale mihogo ilipokuwa inaishia. Pote ni ufuta, umenyooka mistari na mistari mpaka macho yanachoka, na mikorosho michanga nyuma yake. Nilitembea na viatu, nikavivua, nikatembea peku. Udongo ulikuwa laini kila mahali, trekta limeugeuza. Mjomba alinisubiri kwa subira kubwa, kisha akasema kwa pikipiki Nambilanje siku hizi unafika chai haijapoa, sasa natafuta nini? Ufuta ule umeezeka nyumba za ndugu zangu bati, siwezi kuulaumu. Nilichokuwa nakililia ni wale watu, rafiki yangu, waliojua ardhi kwa ngozi yao, na mimi niliyeionja elimu ile siku moja tu kisha nikaenda kuvaa soksi.

Ila si trekta lililoiua njia ile. Mimi niliiona ikifungwa, siku tuliyorudi kutoka mazikoni. Watu wa kwetu wakisafiri kwa kundi, aliye mbele huvunja tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyopitwa, ili wa nyuma wasipotelee huko. Tulipotokeza kwenye mihogo bibi alisimama, akavaa yeboyebo zake, akavunja tawi lenye majani mengi. Akalilaza pale mdomoni mwa njia tuliyotoka nayo, akalisawazisha vizuri kwa mguu. Niligeuka nikatazama nyuma, hakukuwa na mtu.

"Bibi, tawi la nani hilo?"

"La kwangu," alisema. "Nisije nikasahau nikaenda."