Shu kwenye kitanda ya Koko

Haya iko haya tu, hata ukiivalisha cravate ya shingoni, njo maana naisema mimi mwenyewe mbele wengine hawajawaelezea mubaya zaidi. Mimi ni agronome. Kila wiki napandaka Kabare kufundisha bamaman walime bila mvua kubeba udongo, na neno langu kubwa ni moja: usingoe majani ya kwenye ukingo, njo yanashikilia mulima. (Nalisemaka na sauti nzito, kidole juu.)

Basi mwisho wa kiangazi mvua ikanyesha mapema, moja tu, na mimi nikasema imekuja, niwahi, nikangoa majani yote ya ukingo wa nyuma ya nyumba ili nipate laini mbili zaidi za shu, ile kabichi ya kwetu. Muke wangu akauliza, “Si hayo majani njo unaimbaka kila siku?” Nikamujibu hapa haiko Kabare. Mvua ikapotea, jua wiki mbili, shu zikalegea, nikachimba mufereji wa kuleta maji ya kufulia, asubuhi na jioni, udongo ukanywa mpaka ukalewa.

Na kwetu Kadutu, mutaa wa kwenye mutelemuko, nyumba moja iko juu ya kichwa ya ingine. Chini ya ukingo wangu iko chumba cha Koko, muzee wa miguu iliyokataa kutembea, mama ya jirani yangu Maman Furaha.

Siku ya Mungu, alasiri, mvua ikarudi na hasira yote. Nikatoka kuangalia shu zangu (shu, bandugu, hata sikufikiri mutu), nikaona udongo umepasuka toka kona mpaka kona, mukono wangu ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Niliogopa namna sijawahi kuogopa. Nikashuka kwa makalio, nikaingia kwa Maman Furaha na soksi moja, matope mpaka kwenye nyusi, kumbe shirika yote ya wakristu wa avenue yetu iko pale inasali rozari.

“Tokeni, mulima unakuja,” nikasema, sauti ikatoka kama ya mutoto. Katekista akauliza polepole kama nimekunywa. Nikapita katikati yao mpaka chumbani, nikabeba Koko mugongoni na blanketi yake, naye ananipiga ngumi: “Huyu mwizi ananipeleka wapi?” Watu wakatufuata inje kwa mvua, wengine wanacheka, na ukingo bado umesimama. Nikatamani ushuke, ili nisiitwe mulevi, halafu nikaogopa ile mawazo yangu mwenyewe.

Ukashuka. Ukuta wa nyuma ukalala, na tulipochungulia, kitanda ya Koko haikuonekana tena. Zilionekana shu zangu, laini mbili, zimekaa vizuri juu ya matope.

Hakuna aliyecheka. Maman mumoja aliyetoka Kabare kutembelea dada yake, mwanafunzi wangu kabisa, akasema bila hasira, “Agronome, si ulitufundishaka tusingoe majani?”

Ule ukuta nimeujenga na mikono yangu, majani nimeyarudisha, kidole sinyooshi tena. Lakini wingu likikusanyika tu, Koko anatuma waniite. Nashuka, nakaa pembeni ya kitanda yake mupya, naogopa mpaka mvua iishe. Siku ya kwanza niliuliza mpaka lini. “Kaa,” akaniambia. “Mulima ukirudi, utukute wote wawili.”