Mkaratusi Wangu wa Chemchemini

Enzi zetu kule Rhotia, mtoto alikuwa na vitu viwili tu ambavyo hata kaka yake mkubwa hakuweza kumnyang'anya: jina lake na mti wake. Viatu tulirithishana, daftari lilikatwa katikati kwa wembe likawa mawili, na blanketi moja lililaliwa na watoto watatu, wa katikati akiwa ndiye mfalme. Lakini mti ulikuwa wako. Uliupanda kwa mikono yako mwaka ulioanza darasa la kwanza, ukaumwagilia kwa kopo la mafuta ya kupikia, na kila Jumamosi ulisimama kando yake umejikaza kama mgambo.

Wenzangu mliokua miaka ile mnanielewa. Mnaukumbuka ukungu wa mwezi wa saba ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unasikia njuga za mbuzi wa jirani na mbuzi wenyewe huwaoni. Mnakumbuka soksi nyeupe zilivyogeuka rangi ya matofali kabla kengele ya pili haijalia. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tukacheza mdako mpaka kucha zikaisha, kisha tukarudi nyumbani kugombania makande ya jana na maziwa mgando ya kwenye kibuyu. Siku hizi nikimwekea mwanangu makande ya jana, ananiuliza kwa upole kama chipsi zimeisha mjini.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikundi. Wazazi wetu walikuwa na kikundi cha kutunza chemchemi iliyoko juu ya kijiji, pale mashamba ya mahindi na maharage yanapoishia na msitu unapoanza. Hakikuwa na ofisi wala fulana zenye maandishi. Kilikuwa na majembe, daftari moja la jalada gumu, na mwenyekiti ambaye alikuwa bibi yangu mzaa baba. Sisi Wairaqw bibi tunamwita Ama. Ama wangu alikuwa mfupi, shule aliishia darasa la nne, lakini akiita mtu kutoka chemchemini, hata yule asiyeitwa aliacha anachofanya.

Wakubwa walichimba makingamaji na kuziba kwa miiba njia za ng'ombe. Sisi watoto tulipalilia miche, na baadaye likaja zoezi tulilolipenda kuliko yote. Ama alifungua daftari akaita majina, ila hakuita ya watoto, aliita ya miti.

"Mti wa Paskali?"

"Upo!" anajibu Paskali, binamu yangu.

"Mti wa Yasinta?"

"Upo!" Hapo najibu mimi, kwa sauti ya kumkera Paskali.

Kama mti wako umekauka au umeliwa na mbuzi, ulinyamaza mpaka watu wote wakakugeukia, ndipo useme, "Naomba mwingine." Hakuna fimbo iliyouma kama kusema hivyo. Na kulikuwa na sheria moja iliyowahusu wakubwa: mti wa mtoto haukatwi mpaka mwenyewe asimame kando yake atamke, "Nimeruhusu." Sheria hiyo ilitungwa baada ya baba mmoja kukata mti wa mwanawe akatengeneza mpini wa jembe, na mtoto akagoma kula siku mbili.

Sasa niwaambie kosa letu. Mwanzoni kikundi kilipanda mikuyu na miringaringa, miti ya kwetu, inayokua taratibu kama mzee anayeelekea kanisani. Mbuzi wakaila, watoto wakachoka kuisubiri. Kisha ikapatikana miche ya mikaratusi, na Ama, ambaye kila siku alituambia haraka haraka haina baraka, akashikwa na haraka. "Tupande kitu ambacho watoto watakiona kikikua," alisema. Ikapandwa mikaratusi kuizunguka chemchemi yote. Mimi, kwa kuwa ni mjukuu wa mwenyekiti, nikapewa nafasi ya heshima, pale pale maji yanapotokea.

Kweli tuliiona ikikua! Nilipofika darasa la nne mti wangu ulikuwa umelipita paa la kanisa. Tukishikwa na mafua, mama alichuma majani yake akayachemsha, akatufunika blanketi tujifukize, tukatoka tumelowa jasho na pua zimefunguka. Nilikuwa nikiuegemea nakula miwa, nasikia majani yakisuguana huko juu, najiona tajiri. Mti wa Paskali ulipinda kama mundu, na sikuwahi kupitisha siku bila kumkumbusha.

Nilipoingia darasa la tano maji yakaanza kupungua. Bomba lililotoka chemchemini, lililozoea kujaza ndoo kabla hujamaliza kusalimia, likawa linajaza ndoo mpaka umemaliza kumsengenya mtu na ukoo wake mzima. Wengine walilaumu mvua, wengine walilaumu dhambi, na wamama waliofulia pale juu walilaumiwa na kila mtu.

Jibu lililetwa na mgeni. Baba alikuwa na rafiki Mmasai kutoka Olbalbal, tuliyemwita Baba Saitoti, ambaye kila kiangazi alikuja na punda kuchukua mahindi na kutuletea samli. Siku hiyo alipandisha punda wake kunywa maji, akaitazama ile mikaratusi, akaihesabu kwa fimbo, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Rafiki yangu," alimwambia baba, "sisi kule Olbalbal tunatembea na ng'ombe siku nzima kutafuta maji. Nyinyi maji iko hapa nyumbani, halafu mmeiwekea ng'ombe ambayo haiondoki! Inakunywa asubuhi, inakunywa jioni, na hata maziwa haitoi."

Baba alicheka naye. Ama, aliyekuwa amesimama nyuma yao na jembe lake, hakucheka.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya kijiji bila daftari. "Mimi ndiye niliyeitaka mikaratusi," alisema. "Nilitaka haraka. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tuikate, turudishe miti yetu." Nimeona viongozi wengi tangu siku ile, na wanaosema "mimi ndiye" ningeweza kuwakaribisha chai wote kwenye benchi moja.

Basi akaanza kupita kwenye mti mmoja mmoja. Paskali aliruhusu kabla hajaulizwa, kwa furaha ya kuondokana na mundu wake. Wengine waliruhusu, wengine huku wakilia kidogo. Ama akafika kwangu.

"Sijaruhusu," nikasema.

Mama alinishika sikio akalizungusha. Ama akamzuia. "Mwache mtoto, mama Yasinta. Sheria ni sheria. Hatukuitunga kwa ajili ya siku ambazo watoto wanakubali."

Mikaratusi mingine yote ikaangushwa, wangu ukabaki peke yake, mrefu kuliko wakati wowote, umekanyaga mdomo wa chemchemi. Wiki tatu nzima hakuna aliyeugusa, na bomba likazidi kunyong'onyea mpaka likakauka kabisa. Mama alianza kuondoka jogoo la kwanza kwenda mtoni bondeni, anarudi shingo imekakamaa, ananipikia uji bila kuniambia neno. Shuleni hakuna timu ya rede iliyonichagua. Paskali alinipa jina la Mama Mkaratusi, na lilinikaa vizuri kuliko sare. Nilijua kijiji kizima kinanisubiri mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, na kadiri nilivyojua ndivyo nilivyozidi kushupaa. Ukaidi huo ninao hadi leo, mume wangu ni shahidi.

Asubuhi moja kabla ya shule, Ama aliniita tupande chemchemini. Tulipofika alipiga magoti kwenye matope, akatoa kikombe cha bati, akakiweka pale maji yalipokuwa yakivuja tone kwa tone katikati ya mizizi ya mti wangu, akasubiri. Nilisimama natazama nyayo zake zilizopasuka. Jua lilipanda, nikawa nimeshachelewa namba ya shuleni, na yeye bado amepiga magoti. Kikombe kilipojaa alinipa.

"Kunywa."

"Na wewe je, Ama?"

"Kunywa wewe. Mti wako umeshakunywa."

Nilikunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kuchapwa, hata kwa kunyimwa chakula, lakini kwa kikombe kile sikuwa nimejiandaa. Nililia sana, nimekumbatia mti wangu, harufu yake imenijaa puani.

"Ukikatwa utafuta jina langu kwenye daftari?" nilimwuliza.

"Daftari ni langu," alisema. "Mimi sifuti mtu."

Nikasema, "Nimeruhusu."

"Sema wasikie walioko mtoni."

"Nimeruhusu!"

Baba na baba mdogo waliuangusha siku hiyo hiyo. Nguzo za jiko la nyumbani zilitoka humo, na zimesimama mpaka sasa, nyeusi kwa moshi. Tukapanda mikuyu na miringaringa, safari hii kwa uzio wa miiba na zamu za kufukuza mbuzi. Msidhani maji yalirudi kesho yake kama kwenye mahubiri. Mwaka ule hayakurudi, wala uliofuata. Yalirudi masika ya tatu. Mama alikuja kutoka juu mapema mno, tukadhani anaumwa, kumbe ndoo imejaa. Ama alichota kidogo kwa kiganja, akaonja, akauliza kama chai iko tayari.

Siku hizi naishi Karatu mjini, nina duka la sare na madaftari. Ama tulishampumzisha. Mwenyekiti wa kikundi ni Paskali, kitambi mbele, upara juu, na kikundi kina mpaka kundi la WhatsApp. Vijana wetu hupanda mti dakika moja na kuupiga picha nusu saa, mche mmoja umeshikwa na mikono sita, haijulikani ni nani aliyechimba shimo. Nawatania, lakini sisemi uongo, masika iliyopita ndio waliobeba mawe ya kujengea birika la ng'ombe, tena wakiimba. Chemchemi inatoka vizuri. Ukisimama pale asubuhi unawasikia ndege kwenye mikuyu kabla hujawaona, na mimi, mwanamke mzima mwenye duka, huwa nahisi nimerudi kuwa na miaka saba.

Jumamosi moja ya masika hii nilimpeleka binti yangu Neema, ameanza darasa la kwanza, akapande wa kwake. Mringaringa wake ulimfika kifundo cha mguu.

"Mama, huu utakua lini?"

"Ukishasahau kuuliza."

Paskali akafungua daftari, lile lile la Ama, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, akaanza kuita. "Mti wa Neema?" Neema akaruka, "Upo!" Kisha, kama kila mwaka, Paskali akarudi kwenye kurasa za mwanzo zenye mwandiko wa Ama wa kulalia kushoto, akanitazama kwa macho ya binamu asiyesahau.

"Mti wa Yasinta?"

Maana mkaratusi haufi kirahisi. Kisiki changu huchipua kila mwaka, na kila mwaka naitwa. Nilisimama kando yake, panga mkononi, watoto wameshaanza kucheka.

"Nimeruhusu!" nikasema, wasikie walioko mtoni.

Nikakata machipukizi, nikaja kunawa. Enzi zetu hatukuwa na kitu, ni kweli, na watoto wa leo wana simu, wana viatu vya Jumapili na vya Jumatatu. Lakini sisi tuliulizwa. Mkubwa mwenye kiu alisimama mbele ya mtoto akasubiri jibu lake, wiki tatu, bila kumlazimisha. Nikitazama namna ninavyomharakisha Neema kila asubuhi, vaa, kula, twende, sina hakika kama mimi ningeweza kusubiri hata siku mbili.

Nikachota kikombe nikampa. Alikunywa nusu, akaniangalia kama anaomba ruhusa, kisha akaenda kumwaga nusu iliyobaki kwenye shina la mche wake. Nilimwacha. Mringaringa ni mti wenye adabu, unakunywa na kubakiza.