Mkono Nisiouona

Nakumbuka asubuhi moja hapa Bunia, mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi, na baba yangu alikuwa akipanda lori la kwenda Mongbwalu. Mwanangu, wewe unayenicheka kwa sababu napungia mkono magari ya watu nisiowajua, keti kidogo kabla hujaondoka kwenda Ariwara. Hukuwahi kuniuliza sababu kwa adabu, lakini nitakuambia hivyo hivyo.

Baba alikuwa mchuuzi wa vitenge. Tulihamia hapa kutoka Butembo nikiwa mdogo, naye akaizoea ile njia ya kwenda Mongbwalu kwenye mashimo ya dhahabu, akiwauzia wachimbaji na wake zao. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, mzuri kidogo, usicheke, ila macho yangu yalikuwa mabovu. Chaki ubaoni niliiona kama maziwa yaliyomwagika. Njiani niliwapita watu bila kuwasalimu, na unajua kwetu asiyesalimu huitwaje. Walisema nina kiburi. Nami niliona heri niitwe mwenye kiburi kuliko ijulikane kwamba sioni.

Baba ndiye aliyegundua. Akanipeleka kwa muuguzi wa macho, mtu mpole, aliyenisimamisha mbele ya herufi zilizobandikwa ukutani. Za juu nilizisoma. Za chini zilikuwa siafu tu. Akasema jicho langu ni refu kupita kiasi, kwa hiyo picha inakamilika kabla haijafika nyuma inakotakiwa, na miwani itaisogeza. Nikamwuliza kama nikiivaa nitaona kila kitu. Akacheka.

"Hapana, mama. Hata jicho ya muzima iko na mwisho. Kule nyuma iko vitu vidogo-vidogo vya kupokea mwangaza, vimepangwa sawa mbegu za muhindi kwa gunzi. Vitu mbili vya mbali vikianguka kwa mbegu moja, weye utaona kimoja tu. Tena mwangaza wenyewe, ukipita mu tundu ndogo ya jicho, unatawanyika kidogo. Njo vile Mungu alituumba."

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Baba akaninunulia miwani, nikaivaa shuleni siku moja tu. Wavulana wakaniita Macho-ine, yaani mwenye macho manne, na kabla ya jioni jina lilikuwa limefika sokoni. Nikaificha miwani chini ya godoro.

Asubuhi ile ya safari Baba akaikuta huko.

"Vala luneti, mutoto wangu," akaniambia. "Miye naenda mbali. Nataka ubaki unaona njia."

"Vala weye," nikamjibu.

Ndiyo, nilimwambia hivyo baba yangu mzazi. Hakunipiga. Alibeba mzigo wake akatoka.

Hasira yangu haikuchukua muda kuyeyuka. Nikamfuata mpaka mahali malori yanapopakia, mbio, bila miwani. Lori lilikuwa limejaa mizigo, na watu wamekaa juu ya mizigo. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikitafuta uso wake, nikaona rangi tu: nyekundu, kijani, rangi ya matope. Kama kulikuwa na mkono pale juu, kwangu haukuwa mkono. Niliogopa kupunga, nisije nikampungia mtu baki nikachekwa tena. Nikafunga mikono kifuani. Lori likaondoka.

Baba hakurudi. Homa ilimshika kulekule Mongbwalu, na habari ilipotufikia alikuwa ameshazikwa. Mchuuzi mwenzake aliyesafiri naye alituletea nguo zake. Akaketi, akanywa maji, kisha akaniambia bila ubaya wowote:

"Muzee alikupungia mukono mpaka tulikata kona. Akasema, 'Ule mutoto wangu iko na kasirani bado. Nikirudi nitamuomba samahani.'"

Yeye aniombe mimi samahani. Niliinua godoro nikatoa miwani, nikaivaa matangani mbele ya watu wote. Niliona kila kunjo la uso wa mama yangu. Niliona mpaka nyuzi za mkeka. Lakini hakuna kioo cha kunionyesha yule niliyemtaka. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mapema, na amezeeka nami nyumba moja.

Basi sikia, mwanangu. Usipoona, sema huoni. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kiliniumbua. Akikupita mtu asikujibu, usimwite mwenye kiburi upesi. Labda wewe kwake ni rangi tu. Na hata ukijaliwa macho mazuri kama hayo yako, kumbuka maneno ya yule muuguzi: yana mwisho. Kupita mwisho huo, anayekupenda hufanana na gunia. Hapo sogeza miguu ukaulize, au inua mkono bila kujua unampungia nani. Ukimpungia mtu baki, hasara yako ni kicheko. Nimeishi na hasara nyingine, siitaki ikupate.

Mungu akupe macho ya kukutosha, na pale yatakapoishia akupe mkono mwepesi. Haya, nenda, gari linapiga honi. Ukifika kwenye kona, geuka. Sitakuona, lakini mkono wangu utakuwa juu.