Daktari wa Maji na Miche ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuosha maji. Cheka tu, hata mke wangu alicheka nilipokwenda kumposa. Kiwanda chetu kinachoma makaa ya mawe kupata umeme, na maji yanayosafisha moshi na kusomba jivu hutoka meusi tii. Mimi nayatia chokaa, halafu dawa ya kugandisha uchafu, tope linazama bwawani. Yakitulia, unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Ndiyo maana najiita Daktari wa Maji. Jina nilijipa mwenyewe, na shule yenyewe niliiaga mapema.

Mama mkwe analima nyanya nyuma ya ukuta wa kiwanda. Kila nikila kwake najisifu kwamba maji yangu hata mtoto mchanga unamwogesha. Akiniongezea chakula, nami naongeza chumvi kwenye maneno.

Mwaka huu mvua ikagoma. Kisima chake kikakauka, miche ikaanza kulala. Asubuhi moja namkuta getini na ndoo zake, mlinzi keshampa kiti. Kafuata maji ya mkwewe.

Bwawa linang'aa nyuma yangu. Nikatamani lichafuke. Maana kinachozama ni kile unachokiona. Zebaki na sumu wenzake za makaa huyeyuka humo bila rangi wala harufu, na majibu ya maabara yalikuwa bado. Bila majibu, hata mtoni hatuyafungulii. Nikaanza kumuuliza habari za wajukuu, ilhali wanalala kwangu.

Akanikatiza. "Mwanangu, miche inakufa. Yanafaa au hayafai?"

Nikavua kofia ya kazi.

"Sijui, mama. Mpaka maabara waseme."

Akaziangalia ndoo, akaniangalia mimi. "Kumbe daktari naye anasubiri majibu."

Mlinzi akageukia ukuta, mabega yanamcheza.

Majibu yalipokuja, zebaki ilikuwa imezidi, maji yakarudishwa kwenye chokaa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, ila hakuna aliyenipongeza. Na miche isingeweza kuyasubiri majibu hayo. Bomba la nyumbani kwangu bado linatoa maji, basi kila nikitoka kazini nachota, napita mbele ya geti lile lile, ndoo kichwani, kitambi mbele, wenzangu wananipigia saluti.

Nyanya zimeanza kutoa maua. Mama mkwe hukaa kivulini akinisimamia.

"Taratibu, daktari. Mwagia shinani, mgonjwa hanyweshwi kwa majani."