Kisu na Sabuni Zake

Buchani walimwita Kisu, na jina likamkaa. Alikuwa na kifua kipana, sauti ya kuita wateja mpaka mtaa wa pili, na mkono wa kutundika paja zima la ng'ombe kwenye kulabu huku akisimulia mechi ya jana. Mtu wa namna hiyo ungemwambia kwamba mwanamke anayemfika begani atamfukuza chumbani, angekucheka mpaka aegemee gogo la kukatia nyama. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu mkewe ashike mimba, Kisu alilala sebuleni, miguu ikining'inia nje ya kochi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kilichompata hakikuwa kile kichefuchefu cha asubuhi cha kutaniwa na mashoga zake. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika hata pale alipokuwa hana cha kutapika. Sketi alizojishonea kwa vipimo vyake mwenyewe zikawa zinamvuka kiunoni. Mimba yao ya kwanza iliharibika. Hii ya pili waliiogopea wote wawili, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

Zahanati ilikuwa na chumba cha wajawazito wa aina yake. Wanaingia asubuhi, wanapimwa uzito na mkojo, wanachomwa sindano ya kuzuia kutapika, wanatundikiwa dripu, na jioni wanarudi makwao. Sista wa chumba kile, mama mfupi asiyemung'unya maneno, alimwita Kisu pembeni.

"Uzito ukiendelea kushuka, namlaza wodini. Mwenyewe hataki, anataka kitanda chake. Basi tusaidiane, baba."

Kisu akampigia simu mama mkwe kuomba ushauri, na mama mkwe hakufikiri mara mbili. "Mwanangu, sikufichi. Unanuka damu. Mwenye mimba ataivumilia wapi harufu ya bucha?"

Neno hilo lilimchoma, maana kazi yake aliipenda. Jioni, alipotoka kuoga na sabuni yake ya kila siku bado inanukia, alimuuliza mkewe kama ni harufu inayomsumbua. Mke akaitikia kwa kichwa. Kueleza ni harufu gani hakuwa na nguvu, na kufungua mdomo kulikuwa na hatari yake. Kisu akanunua sabuni ya waridi. Mke akatapika. Akaongeza ya limau, mke akatapika zaidi. Kisu hakujua tatizo lisilotatuliwa kwa kuongeza nguvu, kwa hiyo akanunua poda, mafuta ya nywele, na chupa ya marashi ambayo muuzaji mwenyewe alimsihi asipake mengi. Buchani wateja wakaanza kuinusa nyama kwa mashaka. Na kadiri alivyonukia, ndivyo mke alivyozidi kumpungia mkono aende kule.

"Damu hii imenizama mpaka kwenye mifupa," Kisu akajisemea, akarudi bafuni.

Siku moja akaamua kwenda kumchukua mwenyewe zahanati. Alijiandaa kuliko siku ya harusi yake. Wanawake walikuwa wameegemea viti, kila mmoja na dripu juu ya kichwa na beseni mapajani.

"Hamjambo, akina mama!" akasema mlangoni, tabasamu hadi masikioni.

Aliyekuwa karibu na mlango akalikamata beseni lake, akatapika. Jirani yake akafuata, na wa tatu, ikapita kiti kwa kiti mpaka ikamfikia mkewe pale dirishani. Hakusalia hata mmoja.

Sista akaja mbio. "Nani kamwaga marashi humu? Ni wewe, baba? Unataka kuniulia wagonjwa? Toka!"

"Lakini nimeoga, sista!"

"Ndilo kosa lako! Na mkeo leo kashuka uzito tena. Kesho nampima, akishuka hatalala kwako, namlaza wodini."

Kisu alirudi nyumbani ameinamisha kichwa kama aliyefumwa akiiba. Kesho yake bucha lilifurika wateja. Alipokumbuka saa, jioni ilikuwa imeingia, akatoka mbio bila kuoga wala kujipaka kitu, na aproni yake yenye madoa ya damu. Zahanati hakuthubutu kuingia. Akasimama barazani, nje ya dirisha.

"Mke wangu, siingii. Niambie tu, umepimwa?"

Mke akainua kichwa, akanusa. Kisu akarudi nyuma.

"Usiondoke," mke akasema. "Sogea hapa."

Sista akamtoa mke na kumkalisha kwenye benchi la baraza. Nje hapakuwa na pa kutundika dripu, kwa hiyo Kisu akaishika juu kwa mkono wake wa kutundikia mapaja. Mke akaegemeza kichwa kwenye aproni, akafumba macho.

"Sasa ndiyo wewe," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa naishi na duka la vipodozi."

"Uzito umesimama," sista akasema. "Sindano zimeshika. Sasa tujaribu kinywani, kidogo kidogo."

Akampa kikombe cha maji. Mke akanywa funda moja. Mle ndani wanawake wakageuza shingo dirishani. Maji yakatulia. Akanywa la pili, nalo likatulia. Dripu ikaanza kutikisika juu.

"Mkono umechoka?" mke akauliza.

"Haujachoka."

"Mbona unalia?"

"Ni yale marashi, bado yananichoma macho."

Dripu ilipokwisha, wakaondoka taratibu, Kisu kamshika mkewe kiuno.

"Leo unalala chumbani," mke akasema.

Kisu akaruka kwa furaha. "Basi nikifika tu, naoga vizuri..."

"Oga maji. Ukigusa sabuni, mimi naenda kulala wodini."